Likizo ya Uzazi: Hisani au Deni?

Yako mambo ambayo watu wema huyatenda vibaya, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuwa hawajaketi hata siku moja kuyafikiri. Moja katika mambo hayo ni namna tumtendeavyo msichana wa kazi siku ajulikanapo kuwa ana mimba. Mwenendo wake twaujua sote. Mama mwenye nyumba humwita kando, humwuliza, naye hulia. Baba huambiwa jioni. Kesho yake msichana hupewa mshahara wa mwezi, kanga mbili na nauli ya basi, akasindikizwa mpaka stendi. Majirani wakiuliza, huambiwa kwamba dada amekwenda kwao kupumzika. Na mara nyingi wenye nyumba hiyo hulala usingizi mwema, wakijiona wametenda kwa huruma, maana hawakumtukana wala hawakumnyima nauli.

Twapenda leo kuwauliza wasomaji wetu swali moja. Fedha zile zilizotiwa mkononi mwa msichana pale stendi zilikuwa kitu gani? Zilikuwa zawadi, au zilikuwa sehemu ndogo ya deni ambalo halikulipwa? Swali hili si la wanasheria peke yao. Ni swali la kila nyumba ambamo mtu mmoja hufanya kazi kwa ajili ya mwingine na kupokea ujira.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani kwamba likizo ya uzazi ni jambo la walimu, wauguzi na makarani wa benki tu. Kwa Tanzania Bara, jambo hili limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. (Zanzibar inayo sheria yake, Na. 11 ya mwaka 2005. Maneno yetu ya leo yafuata ile ya Bara.) Sheria hiyo yawahusu waajiriwa wote, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Watumishi wa nyumbani haikuwatoa. Apikaye, afuaye na kulea watoto wa mwenziwe kwa ujira ni mwajiriwa. Naye amlipaye ni mwajiri, hata kama hana ofisi wala mhuri.

Je, ni nani astahiliye likizo hiyo? Kwa kawaida ni yule aliyemtumikia mwajiri wake muda usiopungua miezi 6. Aajiriwaye kwa msimu naye amo. Na yule afanyaye kazi kwa vipindi kwa mwajiri yule yule, vipindi vyake vikizidi miezi 6 katika mwaka, naye amo. Yampasa kutoa taarifa miezi 3 kabla ya siku atazamiwayo kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Aweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya siku hiyo, au mapema zaidi daktari akiona haja. Baada ya kujifungua, asirudi kazini kabla ya wiki 6 kupita, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba aweza. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 36, na akizaa mapacha au zaidi ni siku 100. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku 84 nyingine ndani ya mzunguko ule ule. Mwajiri halazimiki kutoa likizo hii yenye malipo zaidi ya mara 4. Mama arudipo, hurudi kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Na akiwa ananyonyesha, hupewa nafasi ya kumnyonyesha mtoto hadi muda wa saa 2 kila siku katika wakati wa kazi. Mwaka 2025 yaliongezwa marekebisho kwa ajili ya mama ajifunguaye kabla ya wakati: siku zilizosalia mpaka kutimia wiki 40 za mimba huongezwa katika likizo yake.

Hayo ndiyo yaulizwayo na sheria. Lakini yafaa kutazama pia yale isiyoyauliza. Haiulizi kama mshahara ni mkubwa au mdogo. Haiulizi kama mkataba ulipigwa mhuri. Yasema kwamba mwajiri ndiye apaswaye kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi; na asipoweza kuyaonyesha, siku shauri lifikapo mbele ya wasuluhishi au mahakama, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwa hiyo asemaye, «Sisi hatukuandikiana chochote,» hajitetei, bali ajishtaki mwenyewe. Wala sheria haiulizi cheti cha ndoa. Kinyume chake, yakataza kumbagua mwajiriwa kwa sababu ya mimba au kwa sababu ya hali yake ya ndoa, na mimba haihesabiwi kamwe kuwa sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yametuangukia kutoka Ulaya pasipo mizizi kwetu. Wazee wetu walijua kuhesabu siku za mama mzazi kabla ya kuwapo Bunge. Pwani na mahali pengi pa bara mama mzazi hukaa arobaini, asichote maji wala kutwanga. Uchagani mama aliyejifungua alitunzwa ndani kwa muda wa miezi mitatu, akalishwa mtori na vinono vingine ili damu na nguvu zimrudie. Tazameni jinsi hesabu zinavyokaribiana: arobaini yakaribia wiki 6 za sheria, na miezi mitatu ya Uchagani yakaribia siku zake 84. Walimwengu wa leo walilifikia jambo hili kwa njia ndefu. Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano yake ya kwanza juu ya uzazi mwaka 1919, huko Washington, lakini yalihusu viwanda na biashara. Mtumishi wa nyumbani alitajwa wazi katika mapatano mapya ya mwaka 1952. Mwaka 2000 muda wa likizo uliwekwa usipungue wiki 14, kipimo ambacho siku zetu 84, yaani wiki 12, hazijakifikia. Na mwaka 2011 yalifanywa mapatano yao watumishi wa nyumbani peke yao. Basi, aonaye kwamba kumhesabu dada wa kazi miongoni mwa wafanyakazi ni ushupavu wa siku hizi tu, na ajue kwamba wazo hilo limepita miaka 70.

Sasa tusikilize hoja za wenye nyumba, kwa maana si hoja za kipumbavu, nazo zastahili kujibiwa kwa adabu.

Hoja ya kwanza husema hivi: «Huyu kwetu si mwajiriwa, ni mtoto wetu. Hula tulacho, hulala tulipolala, watoto humwita dada. Mambo ya sheria na likizo ni ya watu baki.» Maneno haya ni mazuri, na penye upendo wa kweli twayaheshimu. Lakini yafaa kuyapima kwa siku ya shida, si kwa siku ya raha. Binti wa kuzaa akipata mimba, baba hukasirika, mama hulia, ndugu hunung'unika. Hata hivyo chumba chake hubaki chumba chake, na mjukuu azaliwapo bibi ndiye amwogeshaye wa kwanza. Ikiwa dada wa kazi ni mtoto wetu, basi na atendewe hivyo. Ikiwa hatuko tayari kumtendea hivyo, basi si mtoto wetu. Ni mwajiriwa wetu, na apewe haki ya mwajiriwa. Lisilowezekana ni kumfanya mtoto siku ya kuhesabu mshahara, ili apokee kidogo, na kumfanya mtu baki siku ya mimba, ili asipokee kitu. Jina la udugu haliwezi kuwa mlango wa kutorokea deni.

Hapa ndipo ulipo ugomvi wa hisani na haki. Hisani ni kitu chema, lakini hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo kadiri mkubwa apendavyo, na siku moyo wake upoapo, nayo hukoma. Haki haingoji moyo upate joto. Mtu hujitolea hisani kutoka katika kilicho chake. Lakini alipapo haki, humrudishia mwenziwe kilicho cha mwenziwe. Hivyo mtu hawezi kutoa hisani kwa fedha ambazo ni haki ya ampaye. Yule anyimaye siku 84 na kutoa kanga mbili hajatoa zawadi ya kanga. Amezuia mshahara na kurudisha sehemu yake katika sura ya zawadi, tena akangoja kushukuriwa.

Pana jambo jingine hapa ambalo kina mama waajiri wataling'amua kuliko sisi. Mama mwajiri naye alizaa. Akapata likizo yake ofisini, siku 84, akapumzika, akanyonyesha. Siku ya 85 alirudi kazini. Aliwezaje kurudi? Aliweza kwa sababu nyumbani alikuwapo msichana mwenye kumbeba mtoto, kumpikia uji, kumbembeleza na kumpeleka kliniki. Kazi ya mama na mshahara wake vimesimama juu ya mabega ya dada yule. Je, ni haki kwamba mlinzi wa likizo ya mwingine asiwe na likizo yake mwenyewe? Hekima ya wazee yasema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kama ndivyo, basi mama mwajiri ndiye wa kwanza kuujua uchungu wa dada, wala hana ruhusa ya kusema kwamba hakuujua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi katika nyumba zetu: «Msichana hana mume. Tukimpa likizo na mshahara, tutakuwa twabariki makosa, nao watoto wetu watajifunza nini?» Twawaelewa wazazi wasemao hivi, nasi hatukusudii kupunguza heshima ya ndoa. Lakini mshahara si nishani ya maadili. Kwa miezi yote iliyopita dada hakulipwa kwa sababu ya usafi wa mwenendo wake. Alilipwa kwa sababu alifagia, alipika na kulea. Vivyo hivyo likizo haitolewi ili kuisifu mimba, bali kwa sababu mwili uliozaa wahitaji kupona, na mtoto aliyezaliwa ahitaji maziwa na kifua cha mama yake. Mtoto huyo hakuwapo kosa lilipotendeka, kama kweli lilikuwa kosa lake mama. Nasi twataka kumtoza faini. Tena watoto wetu watajifunza jambo bila shaka, lipi kati ya mawili: ama kwamba katika nyumba yao aangukaye huinuliwa, ama kwamba aangukaye hutupwa. Binti yetu asikilizaye mlangoni atalitia moyoni jibu tutakalotoa, na siku akipatwa naye na shida, ndipo tutakapojua alijifunza nini.

Tena tusijifanye hatujui kwamba mara nyingine mimba ile haikutoka mbali. Nyumba iharakishayo kumpandisha msichana basi, kabla hajaulizwa vema, huenda yalinda mtu fulani ndani yake. Na kama msichana ni chini ya miaka 18, au kama alilazimishwa, basi neno la kwanza si likizo wala nauli. Neno la kwanza ni ulinzi wake, na mashauri hayo yawekwe mbele ya serikali, si kuzikwa sebuleni.

Hoja ya tatu ni ya mfuko: «Sisi nasi twaishi kwa mshahara. Kampuni yaweza kumlipa mtu asiyefanya kazi. Sisi tutamlipa yeye na wa badala yake kwa fedha gani?» Hoja hii ina ukweli, nasi hatutaki kuipuuza. Lakini tuipige hesabu. Tuseme dada hulipwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Siku 84 ni kama shilingi 280,000. Mzigo huo ukiangukia nyumba kwa ghafula ni mzito kweli. Lakini ukigawanywa katika miezi 36 ya mzunguko mmoja, haufiki shilingi 8,000 kwa mwezi. Nyumba iwekayo akiba ya kodi, ya ada ya shule na ya michango ya arusi yaweza kuweka hiyo pia. Shida yetu kubwa si umaskini, bali ni kutotazamia: twamwajiri msichana wa miaka 20 kana kwamba hatazaa maisha yake yote.

Hata hivyo si haki kwamba mzigo wa uzazi umwelemee mwajiri mmoja mmoja, maana mtoto azaliwaye ni mali ya taifa zima. Mwajiri aogopaye gharama hujifunza kukataa kuajiri wanawake, na hivyo sheria iliyowekwa kumlinda mama huweza kumfungia mlango wa kazi. Kwa sababu hiyo mapatano ya mwaka 2000 yataka fedha za uzazi zitoke katika bima ya jamii au katika hazina ya umma, si katika mfuko wa mwajiri peke yake. Kwetu Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hutoa fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango. Lakini mtumishi ambaye hakuandikishwa hawezi kulipata. Wabunge wetu wana kazi hapa, na wananchi wana haki ya kuwakumbusha. Ila kungoja sheria iwe bora zaidi si udhuru wa kuivunja iliyopo.

Yabaki swali la mpaka. Msichana aliyetimiza miezi 5 tu hana haki ya likizo yenye malipo katika sheria. Mama azaaye mara ya 5 hali akimtumikia mwajiri yule yule, naye mwajiri wake halazimiki. Je, hapo wajibu wetu umekwisha? La hasha. Sheria huweka mpaka kwa sababu hakimu ahitaji kipimo kimoja kwa watu wote. Lakini mpaka wa mahakama si mpaka wa dhamiri. Papa Leo XIII, katika barua yake juu ya wafanyakazi ya mwaka 1891, alifundisha kwamba nyuma ya kila mapatano ya ujira kuna haki ya maumbile iliyo kubwa kuliko mapatano yenyewe, na kwamba mnyonge akubalipo masharti mabaya kwa kukosa njia, kukubali kwake hakumfanyi mwajiri kuwa mwenye haki. Mwajiri wa msichana wa miezi 5 huenda asishtakiwe kwa kumnyima likizo yenye malipo, lakini makatazo ya ubaguzi hayana kipimo cha miezi. Tena mtoto hakuuliza tarehe ya mkataba kabla ya kuzaliwa. Kipimo cha sheria ni sakafu ya nyumba: mtu asishuke chini yake. Hakuna aliyesema kwamba sakafu ndiyo paa.

Maneno haya hatuwaambii wenye nyumba peke yao. Parokia, shule za chekechea, mabweni na zahanati zilizo mikononi mwetu zina wapishi, wafagiaji na walezi. Wao nao ni wanawake, wao nao huzaa. Ingekuwa aibu kubwa kama mahali panapohubiriwa heshima ya uhai wa mtoto aliye tumboni pangekuwa ndipo mama yake apotezapo kazi kwa sababu ya tumbo hilo. Mwanamke aonaye kwamba mimba yamnyima riziki, tumemwekea majaribu ambayo hatukuyabeba sisi.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, siku ya kumwajiri msichana, tuandike: jina, mshahara, siku ya kuanza, siku za mapumziko, na haki yake ya likizo, ya uzazi ikiwamo. Karatasi moja yatosha, kila mmoja abaki na nakala. Pili, tumwandikishe katika hifadhi ya jamii ipatikanavyo. Tatu, tutenge akiba tuliyoitaja. Nne, tumwambie mapema kwamba akipata mimba aseme bila kuogopa, ili aanze kliniki mapema na kutoa taarifa kwa wakati. Maana msichana afungaye tumbo kwa kitambaa mpaka mwezi wa 7 hufanya hivyo kwa kuwa aliwaona wenzake wakipelekwa stendi. Nao wasichana wenyewe, kama gazeti hili linawafikia, na wajue kwamba mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi u wazi kwao kama kwa karani yeyote: aliyeachishwa kazi apeleke lalamiko lake ndani ya siku 30, na mwenye dai jingine ndani ya siku 60. Wasikawie, kwa kuwa muda ukipita dai huwa gumu.

Na akiisha kuzaa, akataka kurudi, arudi. Huenda atakuja na kitoto mgongoni, na nyumba itakuwa na kelele zaidi. Wengine watapatana kwamba mtoto abaki kwa bibi yake baada ya kuachishwa ziwa. Wengine watampa chumba kikubwa kidogo. Hayo ni mambo ya mapatano na uvumilivu, nayo hutofautiana nyumba na nyumba. Lisilotofautiana ni hili, kwamba mama na mtoto wake wana siku zao, na siku hizo si zetu kuzitoa wala kuzinyima.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa yake ni kanga, wala nauli, wala maneno matamu. Kila mwenye nyumba asomaye maneno haya na atazame mikono ipikayo chakula chake leo, kisha ajiulize kama amekwisha kuweka akiba ya kulipa.